Kulipia megabiti 20, kupata 6 usiku

Ndugu yangu, umeuliza kama ni haki kulipia intaneti ya kasi ya megabiti 20 kwa sekunde huku usiku ukiambulia 6. Si haki hata kidogo! Ila kwanza chomeka kompyuta kwenye ruta kwa waya, zima Wi-Fi ya simu zote, upime kasi asubuhi na saa tatu usiku kwa wiki nzima, kila jibu ulipige picha. Kwangu waya ulitoa 19, Wi-Fi chumbani 5. Ukuta wa zege ndio uliokuwa unakula mawimbi. Na usichanganye vipimo: megabiti 20 ni megabaiti 2.5 tu kwa sekunde. Kama hata kwa waya usiku inashuka, mara nyingi kampuni ya intaneti imerundika wateja kwenye njia moja. Walalamikie kwa maandishi, tunza namba ya lalamiko. Wakikuzungusha, nenda nayo TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania.