Tundu la pajani si jambo dogo

Mdogo wangu alipoambiwa mlango wa moyo wake umebana, mama aliuliza swali moja tu: "Mtampasua kifua?" Daktari akajibu huenda isifike huko, wataingilia pajani. Tukashusha pumzi. Hapo ndipo tulipokosea.

Chanzo kilikuwa mafindofindo ya utotoni. Tulisukutua maji ya chumvi, yakaisha, tukasahau. Kumbe kwa baadhi ya watoto koo la namna ile huzaa homa ya rumatiki, nayo hushikanisha kingo za valvu, yaani huo mlango wa moyo.

Tiba hii ya kupitia pajani ilibuniwa na Mjapani Kanji Inoue mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mrija mwembamba hupitishwa kwenye mshipa wa paja hadi moyoni, hutoboa ukuta kati ya vyumba viwili vya juu, kisha puto hujazwa maji katikati ya valvu. Kingo huachana, puto hunywea, hutolewa. Mdogo wangu alikuwa macho muda wote, ganzi ni ya pajani tu.

Ila si kila valvu inakubali puto. Kabla ya kusaini, uliza: imekakamaa kwa chokaa? Inavuja sana? Kuna damu iliyoganda ndani ya moyo? (Ndiyo maana ya kile kipimo cha kumeza mpira unaoupiga moyo picha kutokea ndani ya koo la chakula, msikikwepe.) Jirani yetu wa kitanda alipangiwa kupasuliwa kifua, ndugu zake wakataka kumhamisha wakatafute wa kumpitia pajani. Mimi ningesaini apasuliwe. Umbo la valvu ndilo linaloamua, hofu yetu haina kura.

Baada ya hapo, mguu unyooke saa kadhaa. Shangazi alikuja na pilau, akamwinua mgonjwa ale vizuri. Goti likakunjwa. Doa jekundu likatanuka kwenye shuka hadi likawa kama kisahani cha chai, nesi akaja mbio akakandamiza kwa vidole bila kusema neno. Pilau ilipoa.

Na puto haliondoi ugonjwa ulioleta shida. Sindano ya penisilini, ya kuzuia homa ile isirudi, ni kila wiki 3 au 4, kwa miaka. Hili ndilo linatushinda, maana mtu akishapanda ngazi bila kuhema anajiona amepona. Mdogo wangu karuka mbili tayari. Sasa nazungushia tarehe wino mwekundu kwenye kalenda ya ukutani, na asipoonekana kliniki namfuata gereji, mbele ya wateja wake.