Roboti Haitaweza Kukaa Mkekani kwa Bibi

Ndugu zangu wa Mikindani, mmeuliza kama sisi tulioko Norwei tuchange tununue roboti ya magurudumu, ile yenye skrini kichwani ya kuonyesha uso wa aliye mbali, naye anaiendesha kwa mtandao, ili tuwe "tunaingia" kwa Bibi. Nawajibu wazi: msichange. Ni mamilioni ya shilingi, na mishahara ya huku inaliwa na kodi na pango mapema.

Roboti za kumwakilisha aliye mbali zinasaidia. Hapa Oslo wanatengeneza AV1, kiroboti kinachokaa darasani badala ya mtoto mgonjwa. Hakina magurudumu wala skrini ya uso. Mtoto yuko kitandani, anakigeuza kichwa atazame anapotaka, akitaka kujibu anawasha taa ya kiroboti, na wenzake wanakibeba. Hapo ndipo anapojiona yuko nao.

Ya magurudumu inataka sakafu ngumu. Kwenye mchanga wa uwani inazama, kwenye kizingiti inakwama. Tena ni ndefu: wazee wako mkekani, mjukuu kawasimamia vichwani. Hiyo si adabu.

Kinachotutenganisha zaidi ni sauti kuchelewa. ITU, shirika la mawasiliano la Umoja wa Mataifa, inashauri isizidi milisekunde 150 (sekunde moja ni milisekunde 1,000) kwenda upande mmoja. Ikipita 400, watu wanakatizana. Unasema "Shikamoo Bibi", kimya, unarudia, na "marahaba" ya kwanza inagongana na shikamoo ya pili. Bibi anaona mjukuu hasikii, naye anaacha kuongea.

Kwa hiyo tumieni simu mliyonayo. Iegemezeni juu ya kigoda na vitabu, kamera ilingane na macho ya Bibi akiwa amekaa, hatua moja kutoka kwake. Dirisha liwe nyuma ya simu. Likiwa nyuma ya Bibi, uso wake unakuwa mweusi. Spika iwe ya waya, maana ya bluetooth inaongeza kuchelewa. Picha nzuri, takriban megabiti 1.5 kwa sekunde kila upande, hula kama GB 1.35 kwa saa. Mtandao ukilegea zimeni picha, sauti ibaki.

La muhimu kuliko yote, mmoja wenu awe mshika simu: aigeuze kwa anayeongea, na aliye mbali akitaka kusema, amwombee nafasi. Simu ikiachwa mezani inatuonyesha bati tu, huku tunawasikia mkicheka.

Tuanze Ijumaa hii baada ya swala. Nusu saa inatosha, na pawabenki iwe imejaa, umeme usije ukatukatiza.