Nenda, hiyo dansi utaielewa

Mdogo wangu, umeuliza kama uende na wenzako wa chuo huko Ujerumani kuangalia dansi ya kisasa, na unahofia utakaa saa nzima bila kuelewa kitu. Nenda. Wewe mtoto wa Newala, umekua ukiona mapiko, wale wachezaji wa Kimakonde waliovaa vinyago, yakitoka mafichoni, na hakuna aliyekueleza maana kwanza ndipo mwili ukasisimka.

Nilipokuwa nasoma huko niliona "Das Frühlingsopfer", yaani sadaka ya majira ya kuchipua, ya Pina Bausch, mtunzi wa dansi Mjerumani, aliyoitunga mwaka 1975 kwa muziki wa Mrusi Stravinsky. Jukwaa zima limemwagwa udongo. Wanacheza humo mpaka jasho na udongo vinawaganda mwilini, pumzi zao unazisikia ulipoketi, na msichana mmoja, ndiye sadaka yenyewe, anavikwa gauni jekundu acheze hadi afe. Nililia. Nikakumbuka ngoma ya sindimba kwetu, vumbi linavyotimka, ila hapa vumbi lilikuwa na msiba. Miaka ya karibuni kazi hiyohiyo imechezwa na wachezaji kutoka nchi 14 za Afrika, kwa ushirikiano na shule ya dansi ya Germaine Acogny huko Senegal. Wakija karibu nawe, usikose hata kwa dawa.

Chukua kitambulisho cha chuo, kumbi nyingi zina tiketi nafuu za wanafunzi. Wahi, ukichelewa unaweza kuzuiwa mlangoni. Na vigelegele viweke kwanza, wenyeji hukaa kimya hadi mwisho, kisha hupiga makofi kweli. Hilo lilinitesa, maana kwetu ngoma ikikolea unaingia uwanjani.