Kupiga picha za Kilimanjaro ukiwa Moshi

Ndugu, umeuliza iwapo ununue kamera mpya, kwa kuwa siku zako tatu mjini Moshi zimekupa picha za mawingu matupu badala ya Kibo, kilele cha juu kabisa cha Kilimanjaro. Kamera yako haina kosa. Kosa ni kutoka nje saa nne asubuhi. Unyevu wa msituni hupanda na kugeuka mawingu kadiri jua linavyoipasha miteremko, hivyo kilele cha mita 5,895 mara nyingi huonekana alfajiri, hujificha mchana, na pengine hujitokeza tena jioni.

Amka saa kumi na moja, uiweke kamera juu ya stendi na upunguze kidogo mwanga unaoingia ndani yake, kwa maana barafu hupata jua wakati migomba iliyo mbele yako ingali gizani, na sehemu iliyozidiwa na mwanga hairekebishiki baadaye. Mimi niliwahi kurudi asubuhi nne mfululizo kwa ajili ya dakika chache za rangi ya waridi, na sijuti, ingawa mwenzangu wa safari alinung'unika sana. Epuka Aprili, masika yanapokolea. Ukitaka kusimama shambani mwa mtu, bisha hodi kwanza.