Nimonia ya wazee haina kijidudu kimoja

Ndugu, wengi husema nimonia ya mzee huletwa na baridi; hapana, haitokani na baridi, wala haisababishwi na kijidudu kimoja tu. Bakteria anayetajwa zaidi ni nyumokokasi, ambaye anaweza kukaa kimya puani na kooni hadi kinga ishuke. Virusi navyo vimo: vya influenza (mafua makali), RSV (kirusi cha njia ya hewa) na UVIKO-19. Tena mafua makali yakishajeruhi mapafu, bakteria hupata njia, na hapo ndipo wengi huzidiwa. Anayepaliwa mara kwa mara akila, hasa baada ya kiharusi, huvuta vijidudu vya kinywani mwake hadi mapafuni. Nakuomba sana, usingoje homa: baadhi ya wazee huanza kwa kuchanganyikiwa au kupumua haraka tu. Mwahishe hospitali, na uulizie chanjo ya nyumokokasi na ya influenza.