Kocha wa 8-2 na kocha wa 4-6, nimpe nani mwanangu?

SWALI: Kaka habari za kazi. Mi niko Des Moines, Iowa, mwanangu Imani yuko mwaka wa mwisho haiskuli, anacheza futiboli ya Kimarekani, laini ya mbele, ana paundi 260. Makocha wakuu wawili wa vyuo vidogo vya Divisheni 3 (ngazi ya tatu ya michezo ya vyuo vya Marekani) wamekuja mpaka nyumbani, wakala pilau wakasifia, kila mmoja anasema kwake ndo kwenyewe. Wa kwanza yuko pale miaka 12, msimu uliopita kashinda 8 kafungwa 2, pointi 280 za kufunga na 210 za kufungwa. Wa pili ana miaka 3 tu, kashinda 4 kafungwa 6, pointi 250 kwa 240, na kabla yake chuo kilikuwa kinashinda mechi moja kwa msimu. Baba Imani anasema twende kwa anayeshinda. Mtoto mwenyewe anataka kusomea unesi. Huu mpira mi hata siuelewi, nitajuaje kocha yupi ni mzuri? – Mama Imani

JIBU: Mama Imani, salama dada yangu. Swali lako ndo kazi yangu ya kila siku, vyuo vidogo vikitaka kumwajiri kocha mkuu au kumuongezea mkataba huwa wananiita niwapigie hesabu, na hata wakuu wa michezo wenye miaka 20 kazini wanaanzia palepale alipoanzia baba Imani, kashinda ngapi kafungwa ngapi. Kuanzia hapo sawa kabisa, ila wengi wanaishia hapohapo na ndo maana wanafukuza makocha wazuri na kuwabakiza waliokuta meza imeshaandaliwa.

Kwanza msimu wenyewe ni mfupi mno. Divisheni 3 timu nyingi zinacheza mechi 10, basi. Chukua timu ambayo kila mechi yake ni kama kurusha shilingi, nusu kwa nusu, ukiichezesha misimu 100 utakuta kama misimu 17 hivi imeshinda mechi 7 au zaidi, na mingine 17 imeshinda 3 au pungufu, timu ileile, kocha yuleyule, hakuna kilichobadilika ila bahati. Mpira umemtoka mtu mkononi ukadundia kwa mwenzake badala ya kwa adui, teke la dakika ya mwisho limegonga nguzo, basi kocha kawa shujaa au kawa mzigo.

Ndo maana pointi zinasema zaidi kuliko ushindi. Kuna fomula ilitokea kwenye besiboli kwa Bill James, mpiga hesabu za mchezo huo, watu wa futiboli wakaibadilishia kipeo: chukua pointi za kufunga uzipandishe kwa kipeo cha 2.37, fanya hivohivo kwa za kufungwa, halafu gawanya ile ya kwanza kwa jumla ya zote mbili, kalkuleta ya simu inatosha. Nimezipitisha namba zako. Kocha wa kwanza, 280 kwa 210, anatakiwa kuwa na ushindi kama 6.6 kwenye mechi 10, wa pili, 250 kwa 240, kama 5.2. Kwa hiyo ile tofauti ya mechi 4 inayomvutia baba Imani, ukiiangalia kwa pointi ni kama mechi moja na nusu, mmoja kaangukiwa na bahati kidogo na mwenzake kaikosa. Ila angalia ratiba kabla hujaiamini hii, manake Divisheni 3 kuna siku timu inakutana na kibonde inashinda 63 kwa 0 na hizo pointi zinavimbisha hesabu nzima, mi huwa ushindi wowote wa zaidi ya pointi 28 nauhesabu kama 28 tu.

Sasa jambo lenyewe. Ukitaka kumpima kocha usimuulize ameshinda ngapi, uliza chuo kile kingeshinda ngapi bila yeye. Chuo cha Linfield kule McMinnville, Oregon, tangu 1956 hawajawahi kuwa na msimu waliofungwa mechi nyingi kuliko walizoshinda, ni zaidi ya misimu 60 mfululizo, makocha wamepokezana kijiti, wachezaji wamekuja wakaondoka wakawa mababu, na bado. Ukiajiriwa pale ukashinda 7, sijajua bado kama wewe ni kocha mzuri, najua tu hujaharibu. Chuo cha Mount Union, Alliance, Ohio, hivohivo kwa sehemu: kocha Larry Kehres aliongoza kuanzia 1986 mpaka 2012, akashinda 332 akafungwa 24 tu na sare 3, makombe 11 ya taifa, alipoondoka mwanae Vince akachukua na akaleta mengine mawili, 2015 na 2017. Vince ni kocha mzuri, sina shaka, lakini alirithi nyumba yenye paa.

Kehres mwenyewe namheshimu kwa kitu kingine zaidi ya makombe, waliopita mikononi mwake. Nick Sirianni, kocha aliyeipa timu ya kulipwa ya Philadelphia Eagles kombe la Super Bowl Februari 2025, alicheza pale chini yake, na Matt Campbell, kocha aliyeinyanyua timu ya chuo cha Iowa State hapohapo jimboni kwenu naye ni mtoto wa Mount Union. Wachezaji wa kocha wakija kuwa walimu wa wengine ujue kuna kitu alikuwa anafundisha.

Na kuna kocha Lance Leipold, huyu ndo mfano ninaompenda kuliko wote kwa sababu tumemuona kwenye mazingira matatu tofauti. Chuo Kikuu cha Wisconsin tawi la Whitewater, 2007 mpaka 2014: kashinda 109 kafungwa 6, makombe sita. Wenye shaka wakasema ah, alikuta timu imeshafika fainali mbili mfululizo kabla yake, na kweli alikuta. Akaenda Chuo Kikuu cha Buffalo, msimu wa pili kashinda 2 kafungwa 10, kama ungemhukumu siku ile kwa macho ya baba Imani ungesema kwisha habari yake, miaka miwili baadaye kashinda 10. Akaenda Chuo Kikuu cha Kansas, timu iliyokuwa imetoka kwenye msimu bila ushindi hata mmoja, 2021 akashinda 2, 2022 akashinda 6, 2023 akashinda 9 na ulikuwa msimu wao wa kwanza wa kushinda nyingi kuliko kufungwa tangu 2008. Mtu anayehama na ushindi wake hivyo hutasema tena ni kuta za chuo.

Kwa hiyo kocha wako wa pili, kutoka ushindi mmoja mpaka 4 ndani ya miaka 3, na pointi zinazoonyesha alistahili 5, kwangu mimi kazi yake inaonekana. Wa kwanza sijui, inabidi uangalie miaka kumi kabla hajafika walikuwa wanashinda ngapi. Kama walikuwa na 7 au 8 zao kila mwaka, basi anatunza alichopewa, si haba, lakini si sawa na kujenga.

Ila dada, hata hapo bado hatujajibu la kwako, wewe hununui timu, unapeleka mtoto. Kuna kitu hakihitaji kuujua mpira kabisa na mi nakiamini kuliko fomula zote. Ingia kwenye tovuti ya michezo ya kila chuo, ufungue orodha ya wachezaji, pale juu kuna sehemu ya kuchagua msimu, rudi miaka mitatu nyuma, printi. Chukua kalamu, zungushia duara majina yote ya mwaka wa kwanza. Halafu printi orodha ya msimu uliopita na uanze kutia tiki, jina kwa jina, nani bado yupo. Tuseme walikuwa 50 na waliobaki mpaka mwaka wa nne ni 11. Wale 39 wako wapi? Wengine wameumia, wengine masomo, wengine wamehama au pesa zimeisha, hayo yapo kila mahali, lakini ukilinganisha vyuo viwili vya mkoa mmoja, ada zinazokaribiana, kimoja unakuta tiki 11 kingine 27, hiyo tofauti mara nyingi inaanzia kwa kocha mkuu. Jioni moja inatosha, hata Imani mwenyewe anaweza kufanya na atajifunza kitu. Kwa yule wa pili msimu huo wa nyuma ni wa kabla yake au ule wa kwanza kwake, wengi wa wale wanaweza kuwa walisajiliwa na aliyemtangulia, kwa hiyo mtazame zaidi kwenye wa mwaka wake wa pili wangapi wamerudi.

Karatasi ileile ina uzito na nafasi. Mfuate kijana mmoja wa laini kama Imani: kama aliingia na paundi 235, mwaka uliofuata 250, mwaka wa tatu 270 na sasa anaanza mechi, basi jimu inafanya kazi na kuna mtu anamfuatilia. Ukiona wanaoanza karibu wote wametokea vyuo vingine (wasifu wa mchezaji unataja alikotoka) na wale wa mwaka wa kwanza wanapotelea katikati, hapo kocha anavuna asichopanda.

Kwa nini wanapotea wengi hivo? Hapa ndo pananiuma. Vyuo vingi vidogo vinaishi kwa ada, na futiboli ni njia ya kupata wavulana wanaolipa, kwa hiyo kocha anapewa idadi, mwaka huu niletee 50, na kazi yake inapimwa na ofisi ya udahili kuliko uwanja. Unakuta chuo cha wanafunzi elfu moja na ushee kina wachezaji 150, na mechi ya kawaida wanaogusa mpira ni wachache sana. Kijana anaambiwa sebuleni kwao mbele ya mama yake kwamba yeye ni muhimu, Agosti anafika anajikuta wa tisa kwenye foleni na hakuna hata mmoja wa benchi la ufundi anayejua jina lake. Wizara ya Elimu ya Marekani inachapisha hizi namba kwa sheria ya mwaka 1994, tafuta Equity in Athletics, andika jina la chuo utaona wachezaji wa futiboli ni wangapi na timu inatumia pesa kiasi gani. Wachache mno nao ni hatari, hapo jirani yenu Grinnell 2019 walisimamisha msimu baada ya mechi 3 kwa sababu wazima walibaki 28. Uliza tu: laini ya mbele wako wangapi, na wana kocha wao wa kudumu au ni kijana wa muda anayebadilika kila mwaka?

Pesa nitasema kwa ufupi. Divisheni 3 hakuna skolashipu ya michezo, hairuhusiwi, kwa hiyo kocha akikwambia anampa Imani skolashipu ya futiboli usimwamini kwenye mengine pia. Msaada unatoka ofisi ya chuo kwa masomo na kipato chenu, na haufungwi na mpira, akiacha kucheza kesho msaada haumfuati kocha.

Kuhusu unesi, hili ulibebe kama swali la kwanza ukitembelea chuo. Wanesi wana maabara za mchana na baadaye mafunzo ya hospitali alfajiri, na mazoezi ya futiboli yanaangukia mulemule. Usimuulize kocha kama inawezekana, atasema inawezekana. Mwambie akutajie mchezaji aliyemaliza unesi akiwa kwenye timu yake, halafu uongee na huyo kijana wewe na Imani, kocha akiwa mbali. Asipopata hata mmoja kwa miaka 12, umeshapata jibu.

Na mwisho wa ziara omba kuangalia mazoezi, usitazame wale nyota, tazama wale wa mstari wa tatu wanaosubiri. Wanafundishwa au wamesimama wameshika helmeti? John Gagliardi wa Saint John's, Minnesota, aliyeshinda mechi 489, nyingi kuliko kocha yeyote wa vyuo, hakuwa na filimbi, hakuruhusu kuangushana mazoezini, dakika 90 wanaenda kusoma, na wachezaji walimwita John tu. Alikaa pale kuanzia 1953 mpaka 2012. Simaanishi kila asiye na filimbi ni Gagliardi, nataka tu usibabaishwe na kelele, kocha anayefoka sana mbele ya wageni huwa namuangalia mara mbili.

Mi kwa nilichokiona naegemea wa pili, kwa mpira. Lakini akitoka na tiki chache, au hana nesi wa kukuonyesha, nitageuza maneno bila aibu. Fanyeni zile karatasi nne wikiendi hii kabla baba Imani hajawajibu, mkikwama kwenye majina yaliyobadilishwa namba au nafasi nitumieni picha nizipitie.