Hasira Iliyosubiri Simu Iishe

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliniandikia kwamba mumewe ni mtu mwema ila ana hasira za karibu, akaniomba nimwelekeze mahali mume huyo anapoweza kufundishwa kuzituliza. Maneno hayo yaliniuma, kwa kuwa ndiyo niliyomwambia mama yangu, mashemeji zangu na hata daktari aliyenishona jeraha la juu ya jicho.

Aliyekuwa mume wangu alisifiwa kazini kwa upole. Usiku mmoja, akiwa amenikaba shingo ukutani, simu yake iliita. Alikuwa bosi wake. Aliniachia, akasafisha koo, akaongea kwa unyenyekevu, akacheka, akaandika namba nyuma ya bahasha, kisha akaiweka simu chini na kunirudia. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba hasira inayoweza kusubiri simu iishe haijamshinda mwenyewe.

Hasira kila mtu anayo: moyo hudunda, misuli hukaza, na mwenye nia njema hutoka nje mpaka damu ipoe. Lakini anayempiga mwenzi wake tu, mlango ukiwa umefungwa, tena mahali ambapo nguo itaficha alama, anatafuta utii, na hasira ni kisingizio chake. Ndiyo maana mradi wa kupinga ukatili wa nyumbani ulioanzishwa katika mji wa Duluth, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1980 ulitengeneza mchoro wa gurudumu unaoonyesha mbinu za ukatili huo, kutokana na simulizi za wanawake waliopigwa, na katikati yake ukaandika mamlaka na udhibiti, wala si hasira.

Mimi niliambiwa ninyamaze anapofoka. Nilinyamaza, nikapigwa kwa kosa la kunyamaza. Wanaotoa ushauri huo wanambebesha anayepigwa kazi ya kumlea anayepiga, na sitachoka kuwapinga.

Kwa hiyo, dada yangu, usimtafutie darasa kwanza. Tafuta usalama wako. Vitambulisho, vyeti vya watoto na akiba kidogo viweke kwa mtu unayemwamini, wala usimtangazie kwamba unaondoka, kwa sababu kipindi cha kuondoka ndicho chenye hatari kubwa. Na ikiwa amewahi kukukaba shingo, usingoje: utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2008 ulionyesha kwamba waliowahi kukabwa walikuwa na uwezekano wa kuuawa baadaye uliozidi mara 7 ya ule wa waliopigwa bila kukabwa. Nenda hospitali hata kama shingo haina alama, umweleze daktari kila kitu kama kilivyotokea.